Nakwenda Kilifi kwa miguu, simu niibebe vipi isife kwa jasho?

mkaazi_kisauni
Salaam wana jamvi. Mimi na shemeji zangu wawili tumekata shauri, mwezi wa nane, kusi ikiwa bado inavuma na jua halijachachamaa, twende Kilifi kwa miguu. Kutoka Daraja la Nyali ni kama kilomita 60 hivi. Tumezigawa siku tatu: tulale Kikambala, kisha Takaungu, siku ya tatu tuvuke daraja la Mnarani tukale samaki.

Miguu haina neno. Neno liko kwenye simu. Mwaka jana tulijaribu mpaka Mtwapa na kurudi, simu nimeitia mfuko wa suruali. Haikuanguka, haikunyeshewa, haikuibwa. Baada ya siku chache ikakataa chaji. Fundi akaifungua akanionyesha tundu la chaja limeota kijani. "Chumvi hii." Nikamwambia baharini sikushuka hata kidole. Akanitazama tu.

Hii ya sasa ni ya deni, bado nailipa kidogo kidogo. Mama watoto asema niiache nyumbani nibebe kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Shemeji ataka ramani na picha. Na kuna kipande cha Shanzu twataka kupita ufuoni. Nishaurini.

fundi_marikiti
Kaka, fundi wako hakukosea. Jasho ni maji ya chumvi, liwe limetoka baharini au kwapani. Mfuko wa suruali unabana simu kwenye paja, jasho linapita kitambaani mpaka kwenye tundu la chaja, halafu wewe ukifika nyumbani unachomeka chaja hapo hapo. Chumvi, unyevu na umeme vikikutana, shaba inaliwa. Chaja ndiyo iliyokumalizia, kutembea kulianza tu.

Kwa hiyo ukifika Kikambala, usichomeke kabla ya saa nzima. Futa kwa kitambaa kikavu, igonge polepole kiganjani tundu likiangalia chini, iweke mbele ya panka. Mchele usinisikie nikiutaja. Naletewa simu zina chenga za pishori ndani ya tundu, na maji bado yamo.

bint_likoni
Mimi nilitembea na wenzangu kutoka Likoni mpaka Tiwi, na ndani ya buibui mifuko hamna. Nilishona kimfuko cha kanga nikakifunga kiunoni, juu ya nguo ya ndani na chini ya buibui. Mwizi hakioni, lakini joto! Simu ilijizima yenyewe njiani. Siku hizi nakivaa juu, mbele ya tumbo, na mkono wangu haukai mbali. Kibegi cha kiunoni cha wauza maji barabarani kinatosha kabisa, usidanganywe ununue cha bei.

mpenda_safari
Yote hayo ya nini? Nunua simu isiyoingia maji, basi. Yangu ni IP67.

fundi_marikiti
@mpenda_safari, hiyo IP67 maana yake ilipimwa kwenye maji matamu, kina cha mita 1, dakika 30, ikiwa mpya. Bahari haimo kwenye kipimo hicho. Na ikishawahi kufunguliwa kubadilishwa kioo, ule mpira wa kuzuia maji ndio kwaheri, isipokuwa fundi ameuweka upya, na wengi wetu hatuuweki, nasema ukweli. Ikitumbukia baharini, izime, isuuze kwa maji matamu kidogo, kisha ikaushe. Watu wanaogopa kuisuuza, ndipo chumvi inapobaki ikila.

Dada wa Likoni amegusa jambo la joto. Watengenezaji wengi wanataka simu itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35. Kibegi cheusi juani kinazipita hizo upesi. Chagua cheupe, au funika kwa leso. Ikichemka, itoe kava uiweke kivulini. Friji usiisogelee, itatoka jasho kwa ndani.

mzee_wa_ngalawa
Wanangu, sisi baharini twatumia kopo la siagi ya karanga, lile la plastiki lenye kizibo cha kuzungusha. Ndani tambara kavu, simu, funga. Mtumbwi ukipinduka, kopo laelea. Mifuko ya nailoni tangu marufuku ya 2017 haionekani ovyo, na hata ilipokuwapo ilikuwa ikitoboka.

Lakini mkaazi, la ufuoni nikusikize. Umetazama mwezi? Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji hupwa saa nne, saa tano asubuhi, unatembea mchangani raha mustarehe. Alasiri yamejaa mpaka kwenye kuta za mahoteli, na hapo utapita ndani ya maji kifuani, simu kichwani kama mzigo wa kuni. Piteni asubuhi. Na Mtwapa msidhani mtavuka mkono wa bahari kwa miguu, pandeni barabarani mkashike daraja.

bint_likoni
Nimecheka hiyo ya kuni 😂 Mkaazi, jambo moja kabla hujaondoka: piga *#06#, andika zile namba za utambulisho wa simu zitakazotokea kwenye karatasi umwachie mkeo. Na laini iwekee PIN yake. Mwizi akiihamishia simu nyingine, asiweze kuitumia kusumbua M-Pesa yako.

mkaazi_kisauni
Shukran sana. Je, chaji ya siku tatu? Nina pawabengi ya mAh 10,000.

fundi_marikiti
Zile 10,000 hazifiki simuni zote, nyingine hupotea njiani kwa kubadilisha umeme na kwa joto. Simu ya 5,000 utaijaza mara moja na kiasi. Kinachokula chaji ni skrini, si kutembea. Pakua ramani ukiwa na waifai nyumbani, zima data. GPS haihitaji bando. Na mama watoto msikilize nusu: beba kabambe pia, ya kupokelea. Kubwa itoke kwa ramani na picha tu.

mkaazi_kisauni
Kibegi cheupe nimepata Kongowea. Namba nimemwandikia mke, ameibandika mlangoni kwenye kabati. Mwezi nimeutazama, tutakuwa bamvuani, tutaondoka alfajiri siku ya Shanzu.

Limebaki kopo. Tunalo moja, lakini limejaa zaidi ya nusu. Watoto wanakula mkate na siagi ya karanga asubuhi na jioni, na mdogo ameanza kuuliza baba anakwenda Kilifi lini.