Mhadhara wa mirathi "wazi kwa wananchi wote" Arusha: wajane waliachwa mlangoni, viti vya mbele vya waalikwa

Wakuu habari zenu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na mwingine, hili jambo lisimame lenyewe.

Kuna maktaba moja hapa mjini, jina silitaji, wahusika wakisoma watajijua. Walibandika tangazo ukutani: mhadhara kuhusu mirathi na haki za mjane, hakuna kiingilio, wananchi wote mnakaribishwa. Nilifurahi sana kuliona, maana mama yangu mdogo amefiwa na mume na mashemeji wameshaanza maneno kuhusu kiwanja cha Muriet. Yeye anauza mboga soko la Kilombero. Nikamwambia, mama, twende, utawasikia wanasheria wenyewe na hutatoa hata mia.

Muda waliopanga ni saa nne asubuhi, katikati ya wiki. Hapo tu ungejiuliza wanamlenga nani. Mjane mwenye meza sokoni, saa nne asubuhi ndiyo anatafuta hela ya kula siku ile. Mama mdogo akamwachia jirani meza, tukapanda hiace tukaenda.

Mlangoni tukamkuta binti na orodha. "Shikamoo mama. Mmejisajili?" Kujisajili wapi? Kumbe kulikuwa na linki, ikazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa mashirika. Tangazo la ukutani halikuitaja kabisa. Tukaambiwa tukae pembeni, waalikwa waingie kwanza. Pembeni pale tulikuwa kundi zima: kina mama wa Unga Limited, wazee waliotoka Ngaramtoni, kijana mmoja aliyebeba nakala ya hukumu ya baba yake kwenye bahasha ya kaki. Watu waliokuja na matatizo yao mkononi.

Sasa kilichoniuma kuliko vyote. Tukiwa bado nje, ikapitishwa karatasi ya mahudhurio tuijaze: jina, namba ya simu, mtaa, jinsia, sahihi. Watu wakasaini, kwa sababu mwananchi wa kawaida akipewa karatasi na mtu wa ofisi anasaini. Kwa hiyo kwenye ripoti itakayoenda kwa mfadhili, mama mdogo amehudhuria. Ameelimishwa. Amehesabiwa kama mjane aliyefikiwa, na mguu wake haujavuka kizingiti.

Tulikuja kuitwa ndani baadaye sana, ulipofika muda wa picha. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu muda wote ule. VITUPU. Tukapangwa vizuri, akina mama waliovaa kanga wakasogezwa mbele ili waonekane, picha zikapigwa, mhadhara ukaendelea.

Kwa Kiingereza.

Mtoa mada ni Mtanzania. Nilimsikia mwenyewe nje akiongea na dereva wake Kiswahili kimenyooka. Lakini mbele ya wajane wa Arusha ni Kiingereza mwanzo mwisho, na slaidi zote Kiingereza. Mzee mmoja alisimama akauliza kwa Kiswahili kuhusu shamba la ukoo, akaambiwa "mzee wangu, naomba uwe mfupi", kisha akajibiwa kwa Kiingereza. Mzee akakaa. Sijui kama alielewa alichojibiwa, mimi mwenyewe nilipata nusu.

Na mada yenyewe ni mirathi! Mirathi ya kimila na ya Kiislamu inaanzia Mahakama ya Mwanzo, na Mahakama ya Mwanzo miaka yote inaendeshwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge likabadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote nchini. Hakimu atamuuliza mama mdogo kwa Kiswahili na yeye atajibu kwa Kiswahili. Ni kwa faida ya nani basi somo la jinsi ya kufika mbele ya hakimu huyo litolewe kwa lugha ambayo hakimu mwenyewe hataitumia?

Watu wasidhani haya ni mambo madogo ambayo mtu atayasoma kwenye kipeperushi. Nchi hii haina sheria moja ya mirathi. Kuna ya kimila, kuna ya Kiislamu, na kuna ile ya India ya 1865 tuliyoachiwa na mkoloni. Mjane asipojua ni ipi itakayotumika kwa marehemu mumewe, hajui hata aanzie mahakama gani. Sheria za kimila zilizotangazwa 1963 zinasema mjane hana fungu kwenye urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, atatunzwa na watoto wake. Mashemeji wanaijua hiyo kwa moyo! Mjane ndiye asiyejua kwamba aliyochuma pamoja na mumewe ni hoja nyingine, kwamba anaweza kupinga uteuzi wa msimamizi wa mirathi, kwamba msimamizi si mmiliki na lazima arudi mahakamani kutoa hesabu ya mali. Hayo ndiyo tuliyafuata. Kikao kilipoisha mama mdogo akaniuliza, "mwanangu, wamesema nifanyeje?"

Waalikwa walibaki kusaini karatasi nyingine, ya posho. Sisi tukaonyeshwa mlango.

Nimefikiria sana hii tabia inatoka wapi, na mimi naona ni ugonjwa wa mji wetu. Arusha imezoea mikutano. AICC pale, kituo cha mikutano ya kimataifa, ilikaa Mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka 2015, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa. Kwenye mikutano hiyo ni sawa kuwe na orodha, beji, itifaki, Kiingereza na chai ya saa nne, wajumbe wametoka nchi nyingi. Lakini watu wale wale wanaoandaa semina za hotelini wakihamia maktaba wanahama na utaratibu wao wote, na mkuu wa maktaba anawakabidhi ukumbi na funguo bila kuuliza swali. Maktaba ya umma haina wajumbe. Ina watu waliopita barabarani wakaona tangazo.

Tamko la UNESCO na IFLA (shirikisho la maktaba duniani) kuhusu maktaba za umma, la 1994 na likahuishwa 2022, linasema huduma ni kwa wote kwa usawa, na limetaja waziwazi lugha na hadhi ya mtu. Tusiende mbali, hapa hapa nyumbani tulishaweza. Kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 ilitumia redio na vikundi vya kusoma, Kiswahili tupu, ikafikia kama watu milioni mbili, wakatoka hapo wakachimba vyoo. Hakuna aliyeulizwa linki.

Atakayekuja hapa kusema "si mngejisajili tu", ajibu kwanza: mama mwenye simu ya kitochi anajisajili vipi kwenye linki ambayo hajaambiwa ipo?

Ninachotaka ni hiki. Anayepewa ukumbi wa umma kwa tukio la wananchi aendeshe kwa Kiswahili, akitaka Kiingereza alete mkalimani. Aliyewahi ndiye akae, awe mkurugenzi au muuza mchicha. Mihadhara inayowahusu wachuuzi na mafundi iwekwe Jumamosi mchana au Jumapili baada ya ibada, na kama maktaba imefungwa siku hizo basi ifunguliwe kwa ajili hiyo. Na karatasi ya mahudhurio isainiwe NDANI, mwisho wa kikao, na mtu aliyesikiliza.

Nimeshaandika barua kwa uongozi wa maktaba, nakala nitaipeleka ofisi ya mkoa. Kama nawe ulisainishwa ukiwa nje siku ile, au yamekukuta ya namna hii sehemu nyingine hapa Arusha au Moshi, andika hapa chini ilivyokuwa, niambatanishe.

Na kama kuna mwanasheria humu anayeweza kukaa na kina mama wa Kilombero Jumamosi jioni meza zikishafungwa, aje PM. Mahali pa kukaa tutatafuta wenyewe.