Nabucco katika mazingira ya leo: radi, farasi na sanamu

SWALI: Wakuu, tunaandaa Nabucco, opera ya Verdi (1842) kuhusu mfalme wa Babeli na Waebrania aliowateka, ila tunaihamishia leo. Nabucco ni rais wa kijeshi, Waebrania ni wakimbizi, maneno ya Kiitaliano hayaguswi. Nimekwama kwenye farasi anayeingia naye Nabucco sehemu ya kwanza, radi inayompiga mwisho wa sehemu ya pili na sanamu ya Beli, mungu wa Babeli, inayovunjika sehemu ya nne.

JIBU 1: Farasi ni rahisi: gari la jeshi, injini imezimwa, askari walisukume. Moshi jukwaani ni adui wa koo.

Radi usiigeuze risasi. Nabucco anaendelea kuimba akiwa amerukwa na akili, na sehemu ya nne anapona kwa sala. Jeraha la risasi haliendani na hayo. Kiharusi katikati ya hotuba ya televisheni kinakubalika. Taa zikatike pale anapojitangaza mungu, na fundi wa taa afuate nota za muziki, asikisie.

JIBU 2: Sanamu inaanguka yenyewe, asionekane mtu akiivuta. Iwe nyepesi, yenye bawaba miguuni, ilalie nyuma, na nafasi tupu izidi urefu wake.

Kisu cha Zaccaria, kuhani mkuu wa Waebrania, kibaki kisu, maana Ismaele, Mwebrania mwenzake, lazima ampokonye. Hati inayothibitisha kuwa Abigaille, anayedhaniwa binti wa Nabucco, ni mzaliwa wa utumwa nayo iwe karatasi: anaichana mbele ya Nabucco, simu haichaniki!

JIBU 3: Kwenye “Va, pensiero”, wimbo wa kwaya ya Waebrania watumwa, msiweke uzio mzito. Kwaya inaanza kwa sauti ya chini, karibu yote kwa sauti moja. Wasipomwona kondakta wanachelewa. Wekeni pembeni skrini zinazomwonyesha.