SACCOS imemtumia mama yangu neno lake la siri kwa SMS, na fundi wa mfumo anasema hakuna tatizo!

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira, mnivumilie.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Shinyanga. Mwaka huu chama chao cha akiba na mikopo kilifunguliwa mfumo wa mtandaoni: mwanachama anaandika jina na neno la siri, anaona akiba yake na deni lake. Nililisifia hilo wazo mimi mwenyewe. Juzi mama kasahau neno lake la siri, kanipa simu nimsaidie. Nikabonyeza "Nimesahau". Haikupita dakika, SMS ikaingia: "Ndugu mwanachama, neno lako la siri ni" na tarakimu nne zikafuata. Ndizo hizohizo anazotolea pesa kwa wakala!

Mafundi wenzangu mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze. Mfumo uliojengwa vizuri haulijui neno lako la siri. Siku unajisajili, neno linasagwa na kuwa mlolongo wa herufi usiorudishika, na huo mlolongo ndio unaohifadhiwa. Ukija kuingia, ulichoandika kinasagwa vilevile, vinalinganishwa, basi. Mfumo ukiweza kukutajia neno lako, ujue limehifadhiwa kwa namna inayosomeka, mara nyingi limelala wazi kwenye kanzidata (hifadhi ya taarifa za mfumo), na kila anayeifikia analisoma kama gazeti.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa cha jina. Jina letu la ukoo lina ng'. Mama alipojisajili, ukurasa ulimwagika maandishi ya Kiingereza yenye maneno "SQL syntax". Karani akamwambia: "Mama, andika bila hako ka alama ka juu, mfumo haukataki." Kina Nyang'oro na wengineo wote wameambiwa hivyohivyo. Mwalimu aliyefundisha watoto kuandika ng' miaka 34 analazimishwa kulikosea jina lake, na sasa halifanani na la kwenye kitambulisho cha NIDA.

Ritifaa, yaani hiyo alama ya juu, haina kosa lolote. Fundi amechukua anachoandika mtu akakibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata. Ritifaa inafunga nukuu mapema, na kinachobaki kanzidata inakisoma kama sehemu ya amri. Leo limekwama jina la mama; kesho mjuaji anaandika ' OR '1'='1 na anaingia kwenye akaunti ya mtu bila neno la siri. Sikujaribu, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ingenishika mimi. Lakini tundu hili limeandikwa hadharani tangu 1998. Nani anajenga hivi leo?

Nikatafuta namba ya fundi, nikampigia kwa heshima. Jibu lake: "Kaka, wale ni wazee. Tukiyaficha maneno yao ya siri watasumbua ofisi kila siku." Kisha, ili kunithibitishia kazi yake iko sawa, akanitumia picha ya skrini WhatsApp. Mstari ndio huu:

$sql = "SELECT * FROM wanachama WHERE jina='$jina' AND nywila='$nywila'";

Juu yake kuna muunganisho wa kanzidata: mtumiaji root (yule mwenye mamlaka yote), nywila, yaani neno la siri, tupu. Na pembeni ya hiyo kodi, dirisha la pili liko wazi na jedwali la wanachama. Nimehesabu watu 17, majina yao, simu zao, maneno yao ya siri. Maneno yenyewe ni miaka ya kuzaliwa. Majina ya wajukuu. 1234 mara tatu. Ametuma yote hayo kwa mtu asiyemjua, aliyempigia simu mara moja tu! Nimeifuta hiyo picha, lakini yeye anayo, na sijui amewatumia wangapi.

Nilipomkaripia akasema ataweka MD5, njia ya zamani ya kusaga maneno. MD5 ni ya 1991! Kadi moja ya michoro ya siku hizi inajaribu mabilioni ya makisio kwa sekunde, na michanganyiko ya tarakimu nne iko 10,000 tu. Mwaka 2009 RockYou, kampuni ya Marekani ya programu za mitandao ya kijamii, walivuja maneno ya siri milioni 32 yaliyohifadhiwa wazi namna hii, na hadi leo orodha ile inatumika kubahatisha akaunti za watu.

Kinachouma ni kwamba dawa ni ya bure. PHP, lugha aliyojengea mfumo huu, ina password_hash ya kusaga neno na password_verify ya kulinganisha tangu toleo la 5.5, mwaka 2013. PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na kanzidata, ipo tangu 2005: unatayarisha amri yenye nafasi tupu, thamani unaipeleka baadaye peke yake, na ng' inaingia salama. Safu ya nywila unaipa herufi 255 ili mlolongo uliosagwa uenee. Aliyesahau unamtumia tarakimu za mara moja zinazokufa baada ya dakika kumi, anaweka neno jipya refu. Ni kazi ya mchana mmoja, na hawa wazee wamekatwa kwenye akiba zao kumlipa huyu mtu!

Ofisi ya chama nimeiandikia barua. Wamejibu kwamba "mfumo unafanya kazi vizuri na wanachama wanaingia".

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Kama kuna aliyewahi kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, naomba anielekeze: barua inakaaje, na unaambatisha nini? Mama ameshabadilisha namba ya siri ya pesa za simu. Alipomaliza akaniuliza, "Na wenzangu je, mwanangu?"