Nyumba ya Kukhu (Bibi), Chwele 🌽

Jumapili

07:12 Senge Rose: Habari za asubuhi familia. Nekesa amepata hoteli ya kufanyia atachimenti, yale mafunzo ya kazi ya chuo, Lyon, Ufaransa. Wiki 12 kuanzia Mei. Akirudi hapa Kifaransa kimenyooka, kazi itamtafuta yenyewe. Tunachanga. Kila nyumba elfu kumi, mwisho Ijumaa. Tumeni kwangu.

07:40 Senge Rose: Naona tiki za buluu. Msijifiche.

08:49 Senge Rose: Watu 23 na hakuna hata amina??

08:52 Papa Brian: Bonjour 🙏

08:53 Papa Brian: Mimi Kifaransa nilisomea kwa ndombolo. Aje nimfundishe hapa nyumbani, ada ni jogoo mmoja

08:55 Nekesa: Baba mdogo hiyo ni Lingala 😂😂

08:56 Papa Brian: Ndio maana miaka yote hiyo sikuelewa kitu

09:01 Senge Rose: Tuache mzaha. Viza peke yake ni yuro 90 na wakikunyima hawarudishi. Kuna bima ya matibabu, lazima ifike yuro 30,000. Tikiti bado. Chumba bado.

09:20 Mama Faith: Kwani hiyo hoteli hailipi?

09:31 Nekesa: Inalipa mama. Kule ukifanya zaidi ya miezi miwili ni sheria wakupe kitu. Lakini ni kidogo, nauli na nyumba ni juu yangu. Halafu ile karatasi yao, convention de stage, bado. Inatiwa sahihi na hoteli, chuo na mimi. Chuoni nimeenda mara tatu, naambiwa mwenye kalamu ametoka.

09:33 Mama Faith: Mulamwa, si umeandika AMEPATA?

09:34 Senge Rose: Amepata. Hiyo ni karatasi tu.

10:05 Wafula: Mbona asiende Kigali? Unavuka na kitambulisho tu, hakuna mambo ya viza. Anapandia basi Malaba.

10:09 Nekesa: Baba mkubwa, Rwanda shule zilihamia Kiingereza tangu 2008. Nikisimama mapokezi nitaongea Kiingereza siku nzima, nirudi vile nilivyoenda. Mwalimu alisema bora Bujumbura, huko Kifaransa bado ni cha shule na ofisi.

10:10 Wafula: Basi apitie Kigali ateremke Bujumbura.

10:12 Nekesa: Burundi ilifunga mpaka na Rwanda Januari 2024. Ni kuzungukia Tanzania, Isebania, Mwanza, niingilie Kobero. Lakini ukijumlisha yote haifiki hata tikiti ya kwenda Lyon.

10:14 Senge Rose: Burundi HAPANA. Nimeshatangaza kanisani ni Ufaransa.

10:15 Papa Brian: Eeh, sasa ugonjwa umejulikana

11:30 Mama Faith: Niulize tu. Pesa zikibaki zitaenda wapi? Ama zitakuwa kama viti?

11:47 Papa Brian: 🪑

11:49 Senge Rose: Viti vilikuwa 60. Kumi vilivunjika matangani. Nimeeleza mara ngapi?

11:51 Mama Faith: Na 50? Mimi nilivikalia harusini Kanduyi mwezi wa nane, nyuma vimeandikwa KUKHU kwa rangi nyekundu. Na vilikuwa vya kukodishwa.

11:52 Papa Brian: *Ujumbe huu umefutwa*

11:53 Senge Rose: Tunaongea juu ya MTOTO. Mwenye maneno anipigie.

13:02 Simiyu Webuye: Poleni, huku stima ilikuwa imepotea. Nani amekufa?

13:04 Nekesa: Hakuna aliyekufa baba mdogo 😭 ni atachimenti yangu

13:06 Simiyu Webuye: Ooh. Nilikuwa nimetuma elfu mbili kwa Wafula ya jeneza

14:15 Brian: Nimesomea Kukhu yote. Anasema niandike vile anasema, nisipunguze.

14:19 Brian: "Nekesa nilimlea na turungi, aende. Aende kule karatasi itatangulia kufika, mimi hizo nchi sijui tofauti yake. Pesa zikae kwa Wafula. Na Rose alete viti."

14:20 Brian: Hiyo ya viti amesema mara mbili.

16:48 Wafula: Nimesikia mama.

17:10 Senge Rose: Sawa. Kukhu akisema mimi ni nani. Tumeni kwa Wafula.

17:11 Senge Rose: Lakini Ijumaa iko palepale.

17:30 Wafula: Nimepokea elfu mbili ya jeneza. Naihesabu. Nekesa, chuo wanasemaje?

17:33 Nekesa: Narudi Jumatano baba mkubwa. Nitaandikia na ile hoteli ya Bujumbura, isiwe nimekosa zote.

17:34 Senge Rose: Hiyo ya Bujumbura usiandike kwanza.

19:02 Senge Rose: Simiyu, pikapu yako inafanya kazi Jumamosi?

20:31 Simiyu Webuye: Iko gereji. Kwa hivyo ni Ufaransa ama Burundi?