Ushauri: nabadili ekzosi ya Mark II GX110 hapa Kigoma, fundi anasema tutoe na masega

Kijana wa Katubuka

Wakuu, habari za jioni.

Nina Mark II GX110, injini 1G-FE ya VVT-i, otomatiki. Mafla ya nyuma imeoza upande wa chini, nikipita kwenye mawe vipande vya kutu vinadondoka, na asubuhi nikiwasha mtaa mzima unajua natoka. Kwa kuwa lazima nibadilishe, sitaki kurudishia ya kawaida. Nataka mafla ya spoti yenye sauti nzito kidogo na midomo miwili ya kung'aa nyuma. Sitaki makelele ya kuamsha watoto wa watu. Nautaka ule mngurumo wa silinda sita unaosikika ukikanyaga mafuta, ukiachia unatulia.

Nimepita gereji moja hapa mjini. Fundi kaingia chini, katoka na mpango mzima: bomba jipya la inchi tatu kuanzia kwenye manifodi, pale moshi unapotokea injini, hadi nyuma, mafla ya kati itupwe, na masega, yale ya kusafishia moshi ndani ya bomba, atayatoa yeye bure, tena hela ya ufundi ananipunguzia. Anasema gari itakuwa nyepesi na ulaji wa mafuta utashuka. Maneno yake matamu, ila hilo la kupunguziwa hela kwa sababu natolewa kitu kwenye gari yangu limenikaa vibaya.

Naomba kujua kama inchi tatu inafaa kwa injini hii, masega yatoke au yabaki, na hiyo midomo ifungwe kwa klampu au ichomelewe. Gari naitumia kila siku, Mwanga na Ujiji, na mara kwa mara nampeleka mama Kasulu. Natanguliza shukrani.

Dereva wa Lumumba

Mkuu, masega usitoe. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei mbaya. Ndiyo maana anakutolea "bure". Yeye anakwenda kuyauza, wewe unabaki na bomba tupu na moshi unaowasha macho.

Fundi Mstaafu, Gungu

Kijana wangu, nimekaa chini ya magari ya watu kwa miaka mingi, nitakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu ekzosi watu wanaichukulia kama urembo wakati ni sehemu ya injini.

Anza na hiyo inchi tatu. Injini yako ni lita mbili, haina tabo (feni ya kusukuma hewa kwenye injini), inatoa nguvu farasi 160 ikifika mizunguko 6,200 kwa dakika. Wewe hapa Kigoma unafika mizunguko 6,200 wapi? Maisha yako yote yapo kati ya 1,500 na 3,500, unapanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, unakwepa bodaboda, unapunguza kwenye matuta. Katika mizunguko hiyo moshi unatakiwa utoke kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayosaidia silinda kujisafisha ili ivute hewa mpya. Ukiweka bomba pana kupita kiasi moshi unapoa, unapunguza mwendo, na gari inakuwa nzito chini. Utakanyaga zaidi mlimani, na mafuta uliyoambiwa yatapungua yataongezeka. Kwa 1G-FE usivuke inchi mbili na robo. Ukibaki na kipimo cha bomba la kiwandani ukabadili mafla tu, hujapoteza kitu.

La pili, mahali pa kukata. Mbele ya masega kuna sensa ya oksijeni, na gari nyingine zina ya pili nyuma yake. Sensa inanusa moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze mafuta. Fundi akichezea sehemu ile akaacha tundu hata la kupitisha sindano, hewa ya nje inanyonywa kuingia ndani ya bomba, sensa inadanganyika kwamba mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Utaona taa ya injini imewaka na utatafuta ugonjwa kwenye plagi na koili wakati ugonjwa upo kwenye kuchomelea. Kwa hiyo kila kitu kuanzia manifodi hadi masega kiache kilivyotoka Japani. Kazi yako iko nyuma ya masega kwenda mkiani.

La tatu ni mafla ya kati. Wengi wanaiona kama kopo lisilo na kazi. Kazi yake ni kukata ule uvumi unaotokea gari ikiwa kwenye mwendo mmoja. Ukiitoa, hapa mjini utafurahi. Siku ukishika lami ya Kasulu kwenye kilomita 80 hadi 100 kwa saa utasikia vuuu masikioni isiyokata, na mama yako atashuka na kichwa kinamgonga. Badili ya nyuma, ya kati iache kama haijaoza.

Halafu mwambie fundi yeyote utakayemtumia atoe waya wa hasi wa betri kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Ikiwezekana mafla ishushwe, ichomelewe chini, ndipo irudishwe. Tangi la mafuta lipo jirani na bomba la nyuma na cheche hazichagui pa kuangukia.

Mzee wa Forester

Naheshimu maelezo ya fundi, ila inchi tatu si mbaya kwa kila gari. Forester yangu ya tabo ina inchi tatu, na tofauti naiona wazi: tabo inaamka mapema.

Fundi Mstaafu, Gungu

Sahihi kabisa, ndugu yangu. Kwenye tabo moshi unapita kwanza kwenye panga za tabo, na nyuma yake unatakiwa usikutane na kizuizi, ndiyo maana bomba pana linasaidia. Kijana ana injini inayovuta hewa yenyewe. Vipimo vya Forester asivipeleke kwenye Mark II.

Mama Wawili

Mimi si fundi, ila nina jambo ambalo naomba lisipuuzwe.

Tulikuwa na Noah, ikawekewa bomba jipya la nyuma, gereji nisingependa kuitaja. Bomba waliliishizia chini ya gari, halikufika usawa wa bampa, na kwenye kiungo kulikuwa kunavuja. Safari za mjini hatukuona shida. Tulipokwenda safari ndefu, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, watoto waliokaa kiti cha nyuma kabisa wakaanza kulalamika kichwa, mdogo akataka kutapika. Tulidhani ni kona. Tukishuka kupumzika wanachangamka, tukipanda wanalegea tena. Mume wangu ndiye aliyeshtuka. Moshi ulikuwa unaingia ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma uliochakaa.

Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa gari, haina harufu wala rangi. Inaua watu wamelala. Nakuomba kaka, bomba lako lipite bampa, na kabla ya kumpakia mama kwenda Kasulu hakikisha hakuna panapovuja. Sauti nzuri baadaye.

Dereva wa Lumumba

Dada amesema jambo zito. Namna rahisi ya kupima: gari ikiwa imepoa, washa iwe silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, mtu mmoja azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, mwingine asikilize chini. Panapovuja patasema "tsss". Au paka maji ya sabuni kwenye viungo, povu litajionyesha. Usiingie chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake, tafuta gereji yenye shimo.

Kijana wa Katubuka

Wakuu, asanteni sana. Mama Wawili, pole kwa yaliyowakuta. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Nimeamua masega yanabaki na mafla ya kati inabaki. Swali jipya: nimepata mafla mbili. Moja ni mtumba wa Japani, ipo Dar kwa jamaa wa Gerezani, ina kibati kimeandikwa JASMA. Nyingine ni mpya, ipo hapa hapa dukani Mwanga, inang'aa sana, muuzaji anasema ni stenlesi tupu. Bei hazipishani sana ukijumlisha na nauli ya basi kutoka Dar. Nichukue ipi?

Mhandisi wa Ujiji

Nenda dukani na sumaku. Stenlesi nzuri ya daraja la 304 kwa kawaida haishiki sumaku. Ile ya 409, ambayo viwanda vingi vya magari hutumia kwenye ekzosi, inashika, nayo inadumu, ila juu inapata rangi ya kutu. Sumaku ikishika kwa nguvu kwenye kitu kinachong'aa kama kioo na muuzaji anasisitiza ni 304, hicho si 304, na huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Kromu ikichubuka na mawe ya barabara zetu, kutu inaingia kwa chini na kuifumua.

Kibati cha JASMA maana yake mafla ilitengenezwa ikapimwa sauti kufuata sheria za Japani. Kwa mtu asiyetaka kelele ni ishara nzuri, ila ni mtumba, muulize jamaa akutumie video akiitikisa. Ikichakarika ndani, vizuizi vyake vimeshakatika.

Na kuhusu trafiki, kwa kuwa hakuna aliyeligusa: Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973 na gari inatakiwa iwe na kifaa cha kuzuia kelele kinachofanya kazi. Kuna pia kanuni za mazingira za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Mngurumo mzito wa kiasi hautakuletea tabu. Bomba tupu litakusimamisha kila kituo kuanzia hapa hadi Kasulu.

Kijana wa Katubuka

Nimetoka dukani na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Kopo la mafla limeng'ang'ania hadi nikavuta kwa nguvu. Midomo nayo ina siri yake: ganda la nje halishiki, ila shingo ya ndani inayovaa bombani inashika. Muuzaji hakupenda, lakini amekubali kuniuzia midomo peke yake kwa bei ya chini. Mafla naagiza ile ya Dar, video nimeiona na haichakariki.

Fundi Mstaafu, Gungu

Umefanya vizuri. Hiyo shingo inayoshika ndiyo itakayooza kwanza, kwa hiyo ipake rangi ya kuhimili joto kabla ya kuifunga.

Sasa midomo. Funga kwa klampu, usichomelee. Sababu kubwa ni kwamba utataka kuirekebisha. Ekzosi ikipata moto inarefuka na kucheza, na ulichokipima gari ikiwa baridi hakibaki palepale. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mdomo na bampa pande zote, la sivyo plastiki itaanza kukunjamana na kunuka. Mdomo utokeze kidogo nje ya bampa, na uelekee chini kidogo ili maji yatoke. Pima kipenyo cha nje cha bomba kwa kalipa kabla hujalipa, kwa sababu mdomo wa kulazimishia kwa vipande vya bati utaanza kupiga kelele kabla mwezi haujaisha.

Maji hayo ndiyo yaliyokuozea mafla ya kwanza. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji. Safari zako za Mwanga na Ujiji ni fupi, mafla haipati joto la kukausha, maji yanalala chini ya kopo. Ndiyo maana imeoza upande wa chini. Mafla nyingi zina kitundu kidogo chini cha kutolea maji hayo. Fundi akikiona atakuambia inavuja, atataka kukiziba. Usimruhusu. Na mara mojamoja ipe gari safari ndefu ipate moto kamili.

Raba za kuning'inizia badilisha zote, ni za bei ndogo. Raba moja ikikatika uzito unahamia kwenye kiungo cha mbele na ndipo manifodi zinapopasuka. Ukizivalisha tumia maji ya sabuni zitateleza zenyewe, usipake grisi, inazilainisha na kuzioza. Ukikuta kiungo chenye gasketi ya duara na bolti za springi, springi zirudi. Kuna mafundi wanazitupa na kukaza bolti moja kwa moja. Kiungo kile kimetengenezwa kicheze kadiri injini inavyocheza, ukikikaza kama chuma kimoja utarudi kwangu na bomba limekatika.

Mama Wawili

Na mdomo ukianza kuwa mweusi, kuna maana yoyote au ni vumbi tu?

Fundi Mstaafu, Gungu

Ipo, dada. Pitisha kidole gari ikiwa imepoa. Masizi makavu, mepesi kama ya kibatari, ni mafuta mengi yanaungua vibaya, angalia chujio la hewa, plagi na sensa. Weusi wenye utelezi wa oili ni injini inakula oili, na hapo asubuhi utaona moshi wa bluu. Rangi ya kijivu au kahawia hafifu haina shida. Kuosha ni sabuni na kitambaa laini, steeliwaya usiiguse kwenye kromu.

Kijana wa Katubuka

Mafla imepandishwa basi jana usiku. Jumamosi naipeleka Gungu kwa mzee, tumeshawasiliana pembeni. Nimenunua raba nne, klampu mbili na gasketi. Bolti za zamani nimeshazipulizia mafuta ya kulegeza kutu tangu leo, kama alivyonielekeza. Mzee, kuna kingine nije nacho?

Fundi Mstaafu, Gungu

Njoo na bolti mpya na nati zake, za zamani lazima moja itakatika. Na usipange safari ya Kasulu Jumapili. Tembea nayo mjini siku mbili tatu, ipate moto na kupoa mara kadhaa, kisha urudi tukaze klampu na bolti zote upya. Mara ya kwanza zinalegea kila mara, hata zifungwe na nani.