Trela ya jipu ya robo tani: nianzie kwenye bodi au kwenye magurudumu?

Mwenye Trela

Wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nimepata trela ya kijeshi ya magurudumu mawili, aina ile ya robo tani iliyokuwa ikivutwa na jipu (gari dogo la kijeshi, jeep), ambayo imekaa chini ya mti kwa miaka mingi huku majani yaliyooza yakiwa yameijaza hadi nusu. Kibati cha utambulisho hakipo. Yamebaki matundu manne ya ribiti tu. Matairi yameandikwa 6.00-16 na madigadi yake ni ya mviringo. Sakafu imetoboka kwenye pembe za mbele, lakini kuta ziko imara kuliko nilivyotarajia. Sina karakana, ila nina uwanja wa saruji, grainda na mashine ndogo ya kuchomelea. Nilikusudia kuipeleka yote ipigwe mchanga kwa upepo, niipake rangi ya kijani na kuanza kuitumia, lakini rafiki mmoja ananiambia kuwa nitaiharibu. Je, nianzie wapi? Na taa zake nizifanyeje, kwa kuwa gari langu ni la volti 12?

Mpenda Kale

Kwa maelezo yako, hiyo ni ya Vita Kuu ya Pili. Zile zilizofuata baada ya vita, M100 na baadaye M416, zilitoka na matairi ya 7.00-16 na umeme wa volti 24. Hata hivyo matairi hubadilishwa, kwa hiyo usiyategemee peke yake: angalia taa, na usugue chasisi taratibu sehemu ya mbele uone kama kuna nambari iliyogongwa. Trela za wakati wa vita ziliundwa na kampuni za Willys na Bantam. Bantam ndiyo iliyotoa jipu la mfano mwaka 1940, kisha mikataba mikubwa ya jipu ikaenda kwa Willys na Ford, na Bantam ikabaki na trela.

Rafiki yako amesema kweli kuhusu mchanga. Bati pana likipigwa mchanga kwa nguvu huvimba na kupindapinda, na halinyooki tena. Kuna hasara nyingine pia: alama za kikosi na nambari za jeshi mara nyingi zimelala chini ya rangi tatu au nne. Chukua msasa wa maji wa namba 400, usugue kwa duara ndogo ubavuni, na usimame kila rangi inapobadilika. Fanya hivyo kwa maji, kamwe usisugue kukavu, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na risasi (ile ya madini, ingawa kwa trela ya jeshi mtu anaweza kudhani nyingine) na vumbi lake ni sumu.

Mzee Grisi

Ndugu, rangi ni jambo la mwisho. Anza na vitu viwili ambavyo vikishindwa njiani vinaua: magurudumu na pete ya kuvutia trela (ile inayonasa kwenye gari).

Kabla hujaninginia kwenye spana, tambua kwamba katika jipu za wakati ule, na trela zake, nati za gurudumu la kushoto hufunguka kinyume cha kawaida. Wengi wamekata boliti kwa kuzidisha nguvu upande usio sahihi. Ukishavua habu (kitovu cha gurudumu), osha beringi kwa mafuta ya taa na uzikague kwenye mwanga wa jua; ukiona kidoa cheusi kilichochimbika kwenye hata rola moja, badilisha beringi pamoja na kikombe chake (pete ya nje ambamo rola huzunguka). Sili weka mpya bila mjadala. Wakati wa kufunga, kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, kisha legeza kidogo tu, lizunguke bila kukwama na bila kuchezacheza. Baada ya kilomita kumi za kwanza simama, uguse habu: uvuguvugu si tatizo, lakini ikikuunguza umekaza mno.

Pete nayo isafishe mpaka chuma kionekane, ipake mafuta mepesi, subiri nusu saa, ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Pete yenye ufa haichomelewi, hutupwa. Na usisahau minyororo ya usalama.

Fundi Bati

Mimi nina la kusema kuhusu sakafu. Bodi hiyo iliundwa ielee majini, kwa hiyo haina mlango wa nyuma, na sakafu ina vizibo vya kutolea maji. Chombo kinachozuia maji yasiingie huzuia pia yasitoke. Vizibo vyako bila shaka vimeganda vikiwa vimefungwa, majani yakalowana mvua baada ya mvua, na bati likaliwa kutoka ndani.

Chukua bisibisi, ugonge sakafu yote kwa ncha yake. Bati zima hulia kwa sauti kali; lililooza hutoa sauti ya debe lenye nguo. Zungushia chaki kila sehemu mbovu, kisha kata mpaka upite sentimita mbili ndani ya bati zima. Usiweke kiraka juu ya bati bovu, kwani maji yatakaa katikati na utarudia kazi hiyo. Kiraka kikae ukingo kwa ukingo, ukichomelea nukta fupi zinazorukaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili joto lisipinde bati.

Kuhusu taa, weka balbu za volti 12 na utandike waya mpya, kwa sababu zile zenye kitambaa hupukutika. Waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye gari) uende peke yake hadi kwenye plagi; pete yenye grisi si njia ya umeme ya kutegemewa.

Mwenye Trela

Nawashukuru sana. Jana niligonga sakafu yote: sehemu mbovu ni mbili za mbele na ukanda mmoja kandokando ya kizibo cha kushoto, ambacho kweli kimeganda. Je, nikikate?

Fundi Bati

Hapana, vizibo halisi ni adimu. Kimwagie mafuta ya kulegeza kutu leo na kesho, upashe moto bati linalokizunguka, si kizibo chenyewe, halafu ujaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Kikisogea hata upana wa ukucha, kirudishe, uongeze mafuta, na uendelee hivyo hadi kiachie.