Kirkland ya Costco au nibaki na Pro V1? Handikapu 16, napoteza mipira mitatu kila raundi

Mlango wa Bunka:
Wakuu habari zenu. Shemeji anakuja kutoka Marekani mwezi ujao na amekubali kunibebea mipira ya gofu. Kwa bei za kule, dazeni mbili za Titleist Pro V1 ni kama dola 110. Kwa hela hiyohiyo napata maboksi matatu ya Kirkland Signature, mpira wa maduka ya Costco ya kule, kila boksi dazeni mbili, yaani mipira 72 dhidi ya 24.

Vipimo vyangu: handikapu 16 (yaani kama mapigo 16 juu ya kiwango cha uwanja), kasi ya draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia, maili 92 kwa saa, aironi 7 (fimbo ya umbali wa kati) yadi 150 hapa Arusha. Nacheza sana huku, Dar mara mojamoja. Napoteza mipira mitatu kwa raundi, mingi inapotelea kulia nikipiga draiva. Mchezo wangu unaokolewa na weji ya digrii 56, fimbo ya mapigo mafupi, kwa hiyo spini (kuzunguka kwa mpira) sitaki kuipoteza. Nikihamia Kirkland nitapoteza nini hasa? Na je, itanizidishia kukata kulia?

Fimbo14:
Mkuu, anza na ganda. Mipira yote miwili ni ya vipande vitatu: kiini cha mpira, tabaka jembamba la ionoma (plastiki ngumu) katikati, na juu yake ganda la urethani (plastiki laini). Hapo ndipo mpira wa daraja la juu unapoachana na ule wa bei poa, ambao kwa kawaida una ganda la ionoma kama Surlyn.

Weji ina uso uliolala. Ukipiga, ganda linabanwa kati ya mifereji ya fimbo na lile tabaka gumu la chini. Urethani inang'ang'ania, ionoma inateleza. Inayoteleza inapaa juu zaidi, spini inakuwa ndogo, na ikitua inatembea. Draiva ni habari nyingine, uso wake umesimama na nguvu karibu yote inaingia kwenye kiini, ganda halina la kusema. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga draiva mpira wa bei poa akaona "mbona ni uleule", akaja kujuta kwenye grini (nyasi fupi zenye shimo).

Kwa kuwa Kirkland nayo ina urethani, hushuki daraja. Unabadilisha tabia ya mpira ndani ya daraja lilelile.

Kuhusu kulia: Kirkland ya vipande vitatu inajulikana kwa spini ya juu kidogo, kwenye weji na hata kwenye draiva. Kwenye weji utaifurahia. Kwenye draiva, mizunguko 300 ya ziada kwa dakika itakula yadi chache na kupindisha kidogo zaidi mpira ambao tayari umeshapinda. Mpira hauchagui kwenda kulia, ni uso wa fimbo uliofunguka (unaotazama kulia) ukilinganisha na njia fimbo inayopita. Kama uso umefunguka digrii nane, hakuna dazeni ya bei yoyote itakayokurudisha katikati.

Bogi Mbili:
Handikapu 16 anajadili urethani? Chukua wowote ulio mweupe na wa duara. Na kwa maili 92 Pro V1 huwezi kuibonyeza, ni mpira wa wenye nguvu.

Fimbo14:
Bogi Mbili, hilo la kubonyeza limekaa mitaani muda mrefu bila kustahili. Kila mpira unabonyea kwa kila pigo la draiva, hata la maili 75. Kompresheni ni kipimo cha ugumu, Pro V1 iko karibu na 90 na ndugu yake Pro V1x karibu na 100. Mpira laini sana wa 60 au 70 utausikia vizuri mkononi, lakini mara nyingi unatoka polepole kidogo kwenye draiva, na kila maili moja ya kasi ya mpira ni kama yadi mbili.

Halafu mtu wa handikapu 16 ndiye anayekosa grini mara nyingi kuliko kuipata. Chipu (mapigo mafupi ya kuelekea grini) anazopiga ni nyingi kuliko za mchezaji wa handikapu 2. Kwa nini yeye ndiye anyimwe ganda linalosimamisha mpira?

Shimo la 19:
Naingia upande wa mfuko. Pro V1 ni dola 55 kwa dazeni, sawa na dola 4.58 mpira mmoja. Kirkland, kwa dola 35 boksi, ni dola 1.46. Mipira mitatu kwa raundi, raundi 40 kwa mwaka, ni mipira 120: dola 550 upande mmoja, 175 upande wa pili. Tofauti ni dola 375, na kwa hela hiyo unamlipa mwalimu wa kukurekebishia hiyo draiva. Ukipunguza upotevu toka mitatu hadi mmoja, Pro V1 kwa mwaka inashuka hadi dola 183, na mjadala wote huu unakwisha.

Ila kuna jambo moja ambalo wengi wanalikosea. "Kirkland" si mpira mmoja. Ile iliyoleta kelele mwaka 2016 ilikuwa ya vipande vinne, boksi la dazeni mbili dola 29.99, ikaisha madukani watu wakaanza kuuziana kwa bei ya kuruka. Acushnet, wenye Titleist, wakaandika barua ya kulalamikia hataza na matangazo, Costco wakaenda mahakamani mwaka 2017, wakamalizana mwaka 2018. Baadaye ikaja ya vipande vitatu, nayo imepitia matoleo kadhaa. Kwa hiyo ukisoma sifa mtandaoni, angalia kwanza ni za toleo gani. Sifa nyingi za zamani ni za mpira ambao hauuzwi tena.

Pro V1 nayo hubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, lakini wanasogeza kidogokidogo. Na kiwanda ni chao wenyewe. Duka linaloagiza mpira kwa mtengenezaji mwingine linaweza kubadilisha mtengenezaji na jina likabaki lilelile.

Mzee wa Grini:
Kijana, usinunue 72 kwa maneno ya watu. Shemeji akuletee boksi moja tu la Kirkland na dazeni moja ya Pro V1, ulinganishe mwenyewe. Namna ya kulinganisha ni kuanzia kwenye shimo kurudi nyuma kwenye ti (pa kuanzia). Wengi wanaanza na draiva, na ndipo tofauti ilipo ndogo kabisa na upepo unadanganya zaidi.

Chukua mipira mitatu mipya ya kila aina. Ziba jina kwa kalamu ya wino usiofutika, andika A na B, kisha kedi (mbeba fimbo) akuwekee bila wewe kuangalia. Piga kwa kupokezana, A kisha B, usipige A kumi mfululizo, maana mkono unazoea na pigo la kumi linakuwa zuri kuliko la kwanza.

Yadi 25, weji ya 56, pigo lilelile mara kumi kwa kila herufi. Futa uso wa fimbo kwa taulo kavu kila pigo, kwa sababu utomvu wa nyasi kwenye mifereji unaua spini kuliko tofauti yoyote ya mpira. Hesabu hatua toka alama ya kutua hadi mpira uliposimama. Ule mrefu kupita wote na mfupi kupita wote vitupe, tafuta wastani wa minane iliyobaki. Tofauti ikiwa chini ya hatua moja, kwako mipira hiyo ni sawa.

Rudi hadi yadi 70, fanya hivyohivyo. Kisha aironi 7: hapo angalia urefu wa kupaa na umbali kati ya unaotua mbali zaidi na wa karibu zaidi. Mpira mzuri ni ule unaokupa mafungu yaliyoshikana, usihangaike na ule mmoja uliotoroka yadi 10 mbele. Draiva ipime tu kama unapata mashine ya kupimia kasi na spini. Bila mashine, iache.

Kwenye pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni), masikio yanadanganya. Sauti nzito utasema "laini", sauti kali utasema "mgumu na unakimbia". Ziba masikio kwa pamba upige pata kumi za futi 20, uone kama bado unaitambua A.

Na mpira uliopiga bunka (shimo la mchanga) usiurudishe kwenye jaribio. Mchanga unakwangua urethani, ganda linaota manyoya, na spini yake haiaminiki tena.

Kedi wa Zamu:
Hakuna aliyegusa njia ya tatu: Pro V1 za kuokota. Kwa bei ya Kirkland mpya unapata Pro V1 nzuri tu kama unajua kuchagua.

Pitisha ukucha juu ya mpira. Mkwaruzo usiokwamisha ukucha hauna shida. Unaokwamisha, acha. Rangi iwe nyeupe sawasawa. Ulioingia unjano au kahawia umekaa majini muda mrefu, na huwezi kujua ni wiki au miezi, wakati maji yanapenya taratibu na kupunguza kasi. Angalia vishimo kwa kuuelekeza mpira kwenye mwanga: vikionekana vimejaa, kingo zimelainika kama sabuni iliyotumika, huo umepakwa rangi upya na jina likapigwa juu yake. Hiyo ya kupakwa rangi ndiyo mibaya zaidi, kwa kuwa vishimo ndivyo vinavyoubeba hewani. Afadhali ulio na alama ya kalamu ya mwenyewe wa zamani, maana hiyo ni ngozi yake halisi.

Ukiona X-OUT, kiwandani waliukataa kwa kasoro, mara nyingi ya rangi au maandishi. Mazoezini sawa, kwenye mashindano uliza kwanza kamati.

Limuru Baridi:
Nachangia kutoka Kenya. Kwenye viwanja vyetu vya nyanda za juu rafu (nyasi ndefu za pembeni) ni nyasi za kikuyu, nene, zinaushika mpira kama sponji. Nyasi zikishaingia kati ya fimbo na mpira, urethani haina kitu cha kung'ang'ania, na Pro V1, Kirkland na ya bei poa zote zinaruka karibu sawa. Kwa hiyo ujaribu kwenye nyasi fupi, lakini ukumbuke faida hiyo utaipata ukiwa kwenye nyasi fupi tu.

Tena usilinganishe mpira mmoja Arusha na mwingine Dar. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi inaongeza umbali kwa karibu asilimia 5. Hiyo yadi 150 yako ukishuka Gymkhana ya Dar inakuwa 142 au 143, na kule mpira unapinda zaidi kwa spini ileile. Mtu anabadilisha uwanja halafu analaumu mpira.

Mlango wa Bunka:
Asanteni sana wakuu. Mawili yamebaki. Naruhusiwa kuchanganya, Kirkland kwenye mashimo yenye maji na Pro V1 kwingine? Na hili ninalolisikia la kuelesha mpira kwenye maji ya chumvi ili kujua kama kiini kimekaa katikati, lina ukweli?

Shimo la 19:
Kuchanganya, ndiyo. Kanuni ya 6.3 ya gofu inakuruhusu kuanza kila shimo na mpira mwingine. Isipokuwa mashindano yameweka kanuni ya mpira wa aina moja, ambayo ni ya ngazi za juu, klabu hazina kawaida nayo. Katikati ya shimo hubadilishi kwa sababu umekwaruzika. Kanuni ya 4.2 inataka uwe umekatika au umepasuka.

Ila sikushauri. Chipu ya yadi 25 ni hisia ya mkono, na mkono unajifunza mpira mmoja. Chagua mmoja ukae nao msimu mzima. Hapo ndipo swali la shemeji linakuwa zito kuliko bei: mwezi Machi ukiishiwa, nani atakuletea Kirkland? Costco hawana duka huku. Kama jibu ni hakuna, basi utahama mpira mara mbili kwa mwaka.

Mzee wa Grini:
Chumvi ina ukweli. Mpira una gramu karibu 45.9 ndani ya ujazo wa mililita 40.7 hivi, yaani gramu 1.13 kwa mililita. Kwenye maji matupu unazama. Nusu lita ya maji ya vuguvugu, gramu 120 za chumvi ya kawaida, ambazo ni kama vijiko saba vya chakula vya kusawazisha. Koroga hadi maji yawe maangavu, tumbukiza mpira. Ukizama, ongeza nusu kijiko.

Ukielea, uzungushe kwa kidole, usubiri utulie, weka nukta juu kabisa. Rudia mara tano. Nukta zikitapakaa, mpira uko sawa. Nukta ileile ikirudi juu kila mara tena kwa haraka, upande wa chini ni mzito: chora mstari unaouzunguka mpira ukipita kwenye nukta hiyo, na kwenye pata uuelekeze shimoni ili uzito uviringike na mstari usivute pembeni. Usiutupe. Kwa handikapu 16 kasoro hiyo ni ndogo kuliko kusoma vibaya mteremko. Suuza kwa maji baridi, chumvi ikikauka kwenye vishimo inakwangua.

Fimbo14:
Kwa shemeji basi: mipira 72 ni kilo 3.3 bila maboksi, 24 ni kilo 1.1, apime begi mapema. Kabla hajalipa akutumie picha ya ubavu wa boksi na ya mpira wenyewe, uone toleo, kisha ulitafute kwenye orodha ya mipira iliyoidhinishwa na R&A na USGA, wasimamizi wa kanuni za gofu. Orodha inataja hadi maandishi yaliyoko kwenye mpira. Maboksi ayatupe kama yanajaza begi, lakini akate kile kipande chenye toleo akiweke pamoja na mipira.